Kiraka cha Nne

Luchingu, saa nane usiku. Ukungu umeshuka
mpaka kizingiti cha ofisi ya chama cha msingi.
Nimejifunga kanga mbili juu ya sweta.
Kompyuta ya mizani inahema kama mwenye pumu;
ni ya zamani, hakuna anayeitengenezea programu tena,
kwa hiyo najenga mwenyewe, tangu msingi:
msimbo chanzo mtupu, na viraka sita.

Mshairi akikosea mizani, shairi linachechemea.
Nikikosea mimi, mtu anarudi Mnaida na pungufu.

Msimu uliopita niliharakisha.
Nilijenga kwanza, viraka nikaviacha kwenye folda.
Programu ikawa inameza nusu kilo kila gunia,
bila nia mbaya, haikujua tu kukadiria.
Mnonjela akaja akasimama dirishani na stakabadhi yake.
Hakupaza sauti.
"Binti, nusu kilo zangu zimelala wapi?"

Mama hushona magunia kule ghalani,
shazia kaibana kwa meno, uzi wa katani mapajani.
Nilipomweleza alicheka mpaka shazia ikamdondoka.
"Kiraka ni kabla ya korosho! Gunia likishajaa
unashona nini? Unashona kilo za watu."

Basi mwaka huu naanza na viraka.

Kiraka si kitu kikubwa, ni faili jembamba:
toa mstari huu, weka huu,
alama ya kutoa, alama ya kujumlisha.
Kigumu ni kujua wapi.
Kiraka hakina anwani, kinauliza majirani,
mistari mitatu ya juu, mitatu ya chini,
kama tunavyoelekezana sisi:
pita mashine ya kusaga ya Chinguile,
utaona ukuta wa buluu,
ukifika kwa wauza maji ujue umepitiliza.

Cha kwanza kikaingia.
Cha pili nacho.
Cha tatu kilikuta mtaa umesogea mistari kumi na miwili,
kikapapasa ukuta gizani, kikaingia.
Cha nne kikakataliwa.

Umeme ukakatika hapo hapo, kama umetukanwa.
Nikakaa gizani na lile neno.

Uliporudi nilifungua mabaki, nikasoma polepole kwa kidole.
Mashine ya kusaga haipo.
Mtu fulani, toleo fulani, alibadili jina moja tu,
na kiraka kimesimama njia panda
kinauliza habari za Chinguile kwa watoto
waliozaliwa mashine imeshavunjwa.

Juu ya faili kuna jina nisiloweza kulitamka,
herufi zina vidoto kichwani,
tarehe ya miaka tisa nyuma, na maneno haya:
"Nimeandika haraka, mtoto ana homa.
Samahani kwa uchafu. Inafanya kazi."

Nikakishona kwa mkono.
Mstari huu nje, huu ndani,
jina la zamani nikalivua, jipya nikalivika.
Cha tano. Cha sita. Kisha nikasema: jenga.
Maandishi yakaporomoka kiooni kama korosho kwenye chekecheke,
saa nzima, na dakika kumi za giza katikati,
nikaanza upya, nikanywa chai iliyopoa,
hadi mstari wa mwisho ukanyamaza bila lawama.

Nikaburuta jiwe la kupimia, kilo hamsini.
Mizani ikasema hamsini.
Nikapanda mwenyewe, na kanga zangu. Hayo hayawahusu.

Kabla hakujapambazuka nikatoa tofauti:
faili langu jembamba, kwa yeyote atakayepotea pale pale.
Juu yake nikaandika:

"Asumini Nankomba, Newala.
Majirani wa kiraka cha nne walihama, nimekionyesha njia.
Umeme umekatika mara mbili. Kuna baridi.
Nusu kilo zinarudi kwa wenyewe.
Wewe wa vidoto, kama bado unasoma hizi:
mtoto alipona?"